Nyumba ya Risasi Kuukuu

Vijana wangu, mmeniandikia mkiomba maneno ya kutia moyo. Mnasema chama chenu cha wanafunzi wa fizikia kinatoa kijitabu, na mngependa kianze na mzee aliyepewa nishani ng'ambo kwa kazi ya nyuklia, mtoto wa hapa hapa, aliyefanya kazi Jinja na kustaafia Mbale. Mmebisha mlango usio wenyewe. Moyo wa kuwatia sina. Niliobaki nao ni huu wa kusukuma damu, na wenyewe unalalamika. Lakini kazi naijua. Nitawaeleza ilivyokuwa na ilivyokufa, na mkiona haifai kijitabu chenu, tupeni, sitakasirika.

Kwanza niondoe uongo mmoja. Watu wakisikia nyuklia wanafikiria bomu. Nilipoanza kazi, majirani zetu wa Bugembe walimwuliza marehemu baba kama ni kweli mwanawe anatengeneza bomu. Baba alikuwa Mnubi wa jeshini, mtu aliyependa kuogopwa, na hakukanusha. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiingia dukani watu wananipisha mbele. Ukweli ni kwamba maisha yangu yote nilikaa kwenye chumba kimoja Jinja, katika kituo ambacho sitakitaja jina, nikisikiliza udongo.

Ndiyo, kuusikiliza. Kila udongo, kila jiwe, hata mkono wako unaoshika karatasi hii, unatoa mionzi kidogo. Tulikuwa na kigunduzi, kifuwele kisichozidi ngumi, kinachoipokea mionzi hiyo na kuitenganisha, hii ya kitu hiki, ile ya kitu kile. Unaweka kopo la udongo juu yake, unaondoka, unarudi baada ya siku kadhaa, unakuta mchoro kwenye kompyuta wenye vilima na mabonde. Kila kilima kina jina lake. Kazi yote ni kusoma vilima, na subira.

Kifuwele hicho hakisikii kitu mpaka kipozwe kupita barafu yoyote mliyowahi kugusa, na cha kukipozea ni naitrojeni ya kimiminika. Waliokuwa nayo kwetu ni watu wa kupandisha ng'ombe, ambao huhifadhi humo mbegu za madume ya Kizungu. Kwa hiyo sayansi ya nyuklia ya mashariki mwa Uganda iliishi kwa hisani ya ndama. Nimekaa mara nyingi kwenye benchi lao na mtungi wangu miguuni. Siku moja mkulima aliyekuwa mbele yangu aliniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikamwambia sina hata mmoja. Alinitazama vibaya mpaka zamu yake ikafika.

Aliyenifundisha kazi ni Daktari Wafula, Mkenya wa Bungoma aliyevuka mpaka kuja kufundisha muhula mmoja na akazikwa huku huku. Mwembamba, mkali, na Kiswahili chake kilikuwa hakina adabu. Mimi aliniita Afande kwa sababu ya baba. Kila asubuhi alikuwa anaingia, hasalimii, anauliza, "Afande, chumba kinasemaje?" Hakuuliza udongo unasemaje. Aliuliza chumba.

Hapo ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo someni polepole. Ukutani kuna mionzi, sakafuni kuna mionzi, hata hewani imo. Ukitaka kusikia mnong'ono wa udongo, lazima ujue kelele za chumba kwanza. Kwa hiyo kabla ya kopo lolote, tulikuwa tunapima pasipo kitu. Wafula aliita kupima bure. Wiki nzima mashine inafanya kazi na ndani hamna chochote. Wakubwa wa kituo wakipita, wakiona mashine inawaka na hakuna kinachopimwa, walikuwa wanauliza kama tumerogwa. Wafula alikuwa anawajibu kwamba asiyejua kelele za nyumba yake atawasingizia wageni.

Mwaka mmoja kulizuka kilima ambacho hatukukijua. Kupima bure leo kipo, kesho kipo, kikubwa, na ndani hamna kopo. Tulifuta vumbi, tukabadilisha nyaya, tukaosha meza kwa spiriti. Mimi nilikwisha kuamini kifuwele kimeharibika. Wafula akatoka nje, akazunguka ukuta mara moja, akarudi na mfuko wa karatasi. Mlinzi wetu alikuwa ameweka akiba ya vile vifuko vyeupe vya karabai kwenye dirisha la nyuma, na vya siku zile vilitiwa madini ya thoriamu ili viwake vyeupe. Mlinzi alipoambiwa taa yake inapiga kelele, aliomba likizo.

Lakini ukuta peke yake hautoshi kukinga. Kinachozuia mionzi ni risasi, ile metali nzito, laini, ya kijivu, ambayo wavuvi huzamishia nyavu. Kigunduzi kinajengewa nyumba ya risasi, matofali kwa matofali, mlango juu, na kopo linaingia humo. Na si risasi yoyote. Risasi iliyotoka kuchimbwa juzi ina uchafu wake ndani, chembe zinazotoa mionzi zenyewe, na huwezi kuzitoa kwa sabuni wala kwa moto. Dawa yake ni uzee tu. Kila baada ya miaka ishirini na kitu nusu ya uchafu huo imekufa, kisha nusu ya uliobaki, hivyo hivyo, mpaka risasi inatulia. Risasi iliyochimbwa wakati babu wa babu yako bado kijana ni tulivu, na ya betri ya gari haifai.

Wenzetu ng'ambo hununua risasi ya meli zilizozama zamani. Sisi hatukuwa na meli, tulikuwa na miguu. Mimi na Wafula tulizunguka miaka mingi tukitafuta risasi kuukuu. Tulipata mabomba ya maji yaliyowekwa na Wazungu na kung'olewa. Kanisa moja la misheni lilipoezekwa upya kwa mabati, tulipata vipande vya risasi vilivyokuwa kwenye pembe za paa. Tulipata chubwi za nyavu kule kandokando ya ziwa, alizoachiwa mjukuu na babu yake. Kazi haikuwa rahisi, hasa kwangu. Mnajua hapa mtu akija mlangoni na Kiswahili cha Kinubi akiuliza una chuma gani ndani, wengi bado wanakumbuka miaka ile wanajeshi wa kabila langu walipopita wakipora nyumba kwa nyumba. Nyumba moja huko Busoga mama aliniletea redio, baiskeli na jogoo, akaviweka mbele yangu. Nilimwomba msamaha, akazidi kuogopa. Baada ya hapo Wafula ndiye aliyekuwa anabisha, mimi nasubiri barabarani.

Wavuvi nao si watu wa mchezo. Walipogundua kuna wendawazimu wawili wanaotaka chubwi za kizee na kuzikataa mpya, wakaanza kuzizeesha. Wanazifukia kwenye samadi, wanazipaka tope la ziwa, wanakuapia kwa jina la babu. Nilirudi Jinja siku moja na gunia zito, nikijisifu njia nzima. Wafula aliweka kipande kimoja kwenye mashine. Kesho yake akaniita nione kilima, akasema, "Afande, babu wa huyu mvuvi alikuwa na gari." Ilikuwa betri tupu. Tangu siku hiyo hakuna kipande kilichoingia kwenye nyumba ile kabla ya kupimwa peke yake, na hilo ndilo ninalowausia: macho yako hayajui umri wa metali.

Nyumba ilipokamilika ilikuwa mbaya kwa sura. Matofali hayalingani, mengine meusi, mengine yana ukungu mweupe, tuliyamimina wenyewe kwenye sufuria kuukuu. Wafula alichora alama yake kwa msumari kwenye tofali la mlango. Lakini kimya chake, jamani. Ukipima bure, mchoro unalala chini kabisa. Wageni kutoka nchi zenye kila kitu walikuja wakakaa mbele ya kompyuta ile wakauliza mashine hii mmeifukia chini ya mlima gani. Nyumba ile ndiyo iliyonipa nishani, si akili yangu. Wafula alikufa kabla, na nikabandika karatasi juu ya mlango kwa herufi kubwa: USIGUSE.

Sasa niwaambie kimya hicho kilikuwa cha nini, msije mkadhani tulikuwa tunacheza.

Marehemu mke wangu alikuwa Mgisu wa Wanale, na ndiyo sababu niko huku chini ya mlima. Mdogo wake anaitwa Nambozo. Yeye anakaa juu, begani mwa mlima, na watoto wake, migomba na kahawa, udongo mweusi hadi unatamani kuula. Miaka miwili iliyopita, baada ya mvua, ufa ulifunguka juu ya shamba lake. Unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mnajua maana ya ufa kwenye milima hii. Siku moja mvua inanyesha kupita kiasi, na mlima unashuka na kila kilicho juu yake.

Watu wa serikali wenye vipaza sauti walikuja wakasema hameni. Wengine walihama, wakapanga vyumba kule Busiu kando ya barabara ya Tororo, wakawa wananunua ndizi wao waliozoea kuzigawa bure. Mvua ikapita, mlima haukushuka, wakarudi wakichekwa. Nambozo hakwenda kokote. Alikuja kwangu, akakaa, akanywa chai yote kwanza.

"Shemeji, mimi sikatai kuhama," akasema. "Lakini hao wote wanasema tu. Mimi nataka mtu aniambie kitu amepima. Wewe ukipima useme hama, nahama siku hiyo hiyo. Ukisema kaa, nakaa nalala."

Na mimi ndiye niliyekuwa na mashine ya kumjibu. Sikilizeni jinsi inavyofanyika, ni rahisi. Mvua hushusha kutoka hewani chembe fulani zinazotoa mionzi hafifu. Zinakaa kwenye udongo wa juu na kufa polepole. Udongo wa chini kabisa hauna. Sasa ukichimba ukazikuta chini, kwenye tabaka ambalo halikupaswa kuwa nazo, ujue udongo ule ulikuwa juu zamani ukafunikwa. Mlima ulishuka ukaumwagia mwingine. Na ukihesabu zilizobaki hai, unajua ulifunikwa lini. Kama nyumba ya Nambozo imekaa juu ya mlima ulioshuka wakati wa uhai wa mama yake, basi utashuka tena, na hakuna cha kujadili. Kama udongo umetulia tangu enzi na enzi, ufa ule huenda ni wa ngozi tu, haufiki ndani. Chembe hizo ni chache mno. Kuzisikia kunataka kimya cha nyumba yetu, na si mashine nyingi duniani zina kimya hicho.

Nilipanda mwenyewe, na magoti haya. Tulipigilia bomba la chuma ardhini karibu na jiko lake, tukatoa udongo mrefu usiokatika, tukaukata vipande kama mkate. Nambozo alikuwa ananiambia nisikanyage maharage. Niliusafirisha Jinja, nikaukausha, nikauponda, nikaufunga kwenye makopo na kuziba kwa nta. Baada ya hapo lazima makopo yakae wiki kadhaa yametulia kabla ya kupimwa, maana gesi ya ndani inabidi izoeane na udongo. Mwanafunzi mwenye haraka huipuuza hatua hii, na majibu yake yote ni ya kutupa.

Ndani ya wiki hizo za kungoja ndipo nilipoitwa kwenda kupokea nishani.

Sitawachosha na habari za huko. Baridi, hotuba, kipande cha shaba chenye utepe. Niliwaambia wazungu kuhusu Wafula na mvuvi wa betri, wakacheka mahali panapostahili. Nilikuwa na furaha, sitakataa. Nilikuwa nahesabu nikirudi makopo ya Nambozo yatakuwa tayari.

Mkurugenzi wetu aliitwa Mhandisi Isabirye, Msoga, mtu wa majengo, si wa fizikia. Mtu mwema. Lazima mlielewe hilo, kwa sababu ningekuwa na adui ningelala vizuri zaidi. Isabirye alikuwa anaona aibu kwamba mzee anayetambulika ulimwenguni anafanyia kazi kwenye chumba chenye sakafu ya saruji iliyopasuka. Alihangaika ofisi hadi ofisi kuniombea ukarabati, na alipoupata aliuficha ili niukute umekwisha. Walioielewa kazi yangu walikuwa wamekwisha kwenda, mmoja baada ya mwingine, wengine benki, wengine Ulaya. Pale kituoni aliyejua risasi ile ni nini alikuwa mmoja tu, na alikuwa ndani ya ndege.

Walinipokea na ngoma. Wanafunzi wa shule, keki, wazee wa mji. Mlango wa chumba changu una jina langu kwa herufi za shaba, na utepe umefungwa. Isabirye akanipa mkasi. Nilikata, watu wakapiga makofi, mlango ukafunguliwa.

Sakafu ilikuwa ya vigae vya matale, yale mawe magumu ya granaiti, vimeng'arishwa hadi unajiona. Mawe hayo yana urani kwa asili yake; wangetandika vifuko vya karabai wangefanya vilevile. Na katikati, kigunduzi changu kimekaa ndani ya nyumba mpya ya risasi, matofali yote sawasawa, yanang'aa. Juu ya mlango wake walikuwa wamebandika karatasi yangu ile ile. USIGUSE. Walikuwa wameibandua kwa uangalifu kutoka kwenye ile ya zamani.

Nikauliza, "Risasi yangu iko wapi?"

Isabirye alitabasamu. "Profesa, ile tumekuondolea kabisa. Hutaiona tena."

Wakapiga makofi mara ya pili. Nilisimama pale na mkasi mkononi. Nilitamani kupiga kelele na sikuweza, kwa sababu watoto wa shule walikuwa wameanza kuimba.

Nilipima bure. Hata kabla sijabadilisha shati la safari niliwasha mashine, nikakaa nayo wiki nzima. Pale ambapo mchoro ulikuwa umelala chini kwa miaka yote, kiliota kilima. Na hiki ndicho kinachonikata maini: uchafu ulio ndani ya risasi mpya ni ule ule, chembe zile zile zinazoshushwa na mvua, nilizokuwa nazitafuta kwenye udongo wa Nambozo. Ningeweka kopo lake humo, nisingejua kama nasikia mlima au nasikia betri.

Nilimweleza Isabirye peke yetu, mlango umefungwa. Nilimwonyesha mchoro wa zamani na wa sasa. Alielewa haraka kuliko nilivyotaka. Alikaa chini kwenye vigae vyake, suti na yote, akashika kichwa. Kisha akainuka, akachukua funguo za gari, akasema twende.

Tulikwenda Bugembe, nyumbani kwa utoto wangu, kwa fundi mmoja anaitwa Musa ambaye anayeyusha betri mbovu za magari nyuma ya nyumba yake. Ndiye aliyeichukua. Tulimkuta anaosha mikono. Isabirye alianza kueleza kwa Lusoga, nikamkatiza kwa Kiswahili, nikauliza ile risasi nyeusi iko wapi.

"Ile ya kituo? Hiyo ilikuwa nzuri sana, mzee," Musa akasema. "Iliyeyuka kama siagi." Akaonyesha karai lake. Alikuwa ameimwaga pamoja na ya betri, akachanganya, akaimimina kuwa sahani za betri mpya na chubwi za nyavu, na vyote vilikwisha kuondoka.

Sina cha kumlaumu. Kwa macho ni metali moja. Uchafu ukishachanganyika na usafi wa namna hiyo hakuna fundi duniani atakayevitenga. Isabirye aliniuliza, taratibu, kama hatuwezi kutafuta nyingine. Nikamwuliza tutafute wapi. Mabomba sasa ni ya plastiki. Makanisa yote yana mabati. Chubwi ni za betri, nyingine huenda ni za nyumba yangu yenyewe. Ile ya Musa nayo itatulia, ndiyo, wajukuu wa wajukuu wetu wakiwa wazee. Tukageuka kuondoka. Musa alitukimbilia garini na tofali moja alilokuwa anazuilia mlango wa banda lake. Lilikuwa na alama ya msumari ya Wafula.

Mtaniuliza, nyinyi wenye simu za kisasa, kwa nini sikupeleka udongo kwingine. Nilijaribu. Marafiki zangu wa ng'ambo walinijibu kwa upendo kwamba udongo hauingii kwao bila vibali, maana una wadudu na magonjwa ya mimea, na foleni ya mashine yao ni ndefu. Vibali niliviomba. Bado naviomba. Nairobi walisema leteni, kisha wakasema mashine yao haina kimya cha namna hiyo, na walisema kweli. Vigae vya matale Isabirye aliving'oa mwenyewe, akanipigia simu kunijulisha, kisha baada ya muda akaomba uhamisho. Mimi nilistaafu nikahamia huku na makopo yangu, tofali moja, na nishani. Vyote viko mezani ninapoandikia. Nishani ndiyo nyepesi kuliko vyote.

Nambozo alikuja mwezi uliopita, mvua zilipoanza kunukia. Safari hii hakugusa chai.

"Shemeji, mashine imesema nini?"

Nikamwambia mashine imeharibiwa, haisikii tena. Nilimweleza yote, risasi, Bugembe, vibali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi wewe unasema nini?"

"Mimi nasema hama."

"Hiyo umepima?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nina nishani, angeamini. Lakini maisha yangu yote sijawahi kutoa jibu nisilolipima, na nilifikiri pia, kama nitamdanganya akahama, na mlima usishuke, nani tena hapa atamwamini mtu aliyepima? Mnaona ujinga wa msomi. Nikasema, "Sijapima. Naogopa tu."

"Hata wale wa kipaza sauti wanaogopa," akasema, si kwa ubaya. Alitazama makopo juu ya meza. "Udongo wangu ndio huo?"

Nikasema ndio.

"Nirudishie. Ni udongo mzuri, migomba inautaka."

Nilivunja nta, kopo kwa kopo, nikaumwaga kwenye mfuko wake. Ulikuwa umekauka na kupondwa laini, hauna sura ya mlima tena. Aliukaza mfuko, akauweka kichwani, akaniambia nisikae na njaa, akapanda.

Sasa mnajua. Mkitaka la kufanyia kazi, lipo: tafuteni risasi kuukuu kama imebaki popote, ipimeni kila kipande, na mkiipata msikubali kuwa peke yenu mnaojua ni ya nini. Mimi karatasi niliibandika, na karatasi haikusaidia. Sioni kama mtaipata. Sitawadanganya ili kijitabu chenu kipendeze.

Wakati naandika haya wingu limeufunika Wanale wote, na tangu mchana mvua inanyesha huko juu, siyo ya manyunyu. Kila siku ya mvua nampigia Nambozo simu. Mtandao wa mlimani ni wa shida. Ikiita tu, najua mnara bado umesimama, na akipokea ananicheka, ananiuliza kama nimeshapima. Leo nimempigia mara mbili, haikuingia. Nimengoja kidogo, nimepiga tena.

Inaita.